Kabla hujanunua amplifaya ya gitaa, chunguza umeme wa nyumbani kwako

Na Mwandishi Wetu, Bujumbura

KILA mwezi hunijia watu wenye swali lile lile. Mmoja amerejea kutoka Kigoma au Canada akiwa na akiba kidogo. Mwingine huvuka Kobero kufuata bidhaa Dar es Salaam. Wa tatu ni mzazi ambaye mwanawe ameanza kupiga gitaa kanisani. Wote wanauliza: kwa mazoezi ya nyumbani, tununue amplifaya ya zamani au mpya?

Kwa kuwa napiga gitaa na nafundisha vijana wachache jioni hapa Buyenzi, wanadhani nina jibu la neno moja. Jibu ninalo, lakini lazima lianzie mbali kidogo. Ampli, kama wengi wanavyoiita hapa mjini, ni chombo ambacho sifa zake zimeenezwa na watu wenye umeme tofauti na wetu, nyumba tofauti na zetu, na hata muziki tofauti na wetu.

Na fedha yenyewe si ya kuchezea. Kwa kijana anayetegemea harusi za Jumamosi, ampli moja inaweza kumeza mapato ya miezi kadhaa. Ikiungua wiki ya kwanza, hana mtaji wa kujaribu tena, na gitaa linabaki kuning'inia ukutani.

Sifa za ampli kongwe zimetoka wapi?

Ampli za zamani zinazosifiwa sana ni zile za valvu, vichupa vya kioo ambavyo ndani yake huwaka mwanga mwekundu kama makaa. Wazee wetu walizijua katika redio kubwa za mbao, zile ambazo ukiziwasha unasubiri kwanza zipate moto ndipo zitoe sauti.

Fender ya Marekani ilianza kutengeneza ampli miaka ya 1940. Vox ya Uingereza ilitoa AC30 mwishoni mwa miaka ya 1950, na mwaka 1962 Jim Marshall akaanza kuuza za kwake jijini London. Wapiga gitaa wa roki na bluzi waligundua kwamba ukiifungulia ampli ya valvu hadi karibu na mwisho, sauti huanza kukwaruza kwa namna tamu inayopendeza masikio yao. Sifa kubwa ya ampli kongwe imetoka hapo.

Sasa tujiulize, sisi tunapiga nini? Gitaa la ukanda huu limelelewa na rumba. Tangu miaka ya 1950, mji wa Kinshasa ulipokuwa ukiitwa Léopoldville, Franco na OK Jazz yake iliyoanzishwa mwaka 1956, pamoja na Docteur Nico, walitufundisha gitaa safi, linalong'aa, ambalo kila noti husikika peke yake kama tone la maji. Sebene haitaki sauti ya kukwaruza. Kwaya za makanisa yetu nazo haziitaki.

Ni kweli kwamba mabingwa hao walianza na ampli za valvu, kwani ndizo zilizokuwapo. Hata hivyo, transista zilipoingia, sauti safi ilipata mwenyeji mwingine. Mwaka 1975 kampuni ya Roland ya Japani ilitoa JC-120, ampli ya transista yenye spika mbili za inchi 12, ambayo sauti yake safi yenye mawimbi imekuwa kipimo cha ampli nyingine duniani. Haina valvu hata moja.

Kwa maneno mengine, mpiga rumba anayelipa fedha nyingi kwa ajili ya valvu analipia kitu ambacho muziki wake haukiombi sana. Na kuna jambo la pili. Valvu hutoa ule utamu wake zikifanya kazi nzito, yaani sauti ikiwa juu. Nyumbani hutafika huko.

Wati 30 si mara mbili ya 15

Wengi hununua ampli kwa kuhesabu wati kama wanavyohesabu kilo za mchele. Masikio hayahesabu hivyo. Ukizidisha wati mara mbili, sauti huongezeka kwa desibeli 3 tu, tofauti ambayo sikio huiona ndogo. Ili sikio liseme sauti imekuwa kubwa mara mbili, unahitaji wati zipatazo mara 10.

Maana yake ni kwamba ampli ya wati 5 haiko mbali sana na ya wati 15, na ampli ya valvu ya wati 15 iliyofunguliwa vizuri inatosha kumwamsha jirani wa nyumba ya nne. Kwa chumba cha kulala, wati 2 hadi 10 zinatosha na kubaki.

Hapa Buyenzi, Bwiza au Nyakabiga, uwanja mmoja huwa na familia tatu au nne. Kuna mtoto mchanga, kuna mgonjwa, kuna anayeswali na kuna anayeamka alfajiri kwenda sokoni. Ampli isiyoweza kupiga vizuri kwa sauti ya chini itakugombanisha na watu unaowahitaji siku ya shida. Ndiyo maana huwaambia wanafunzi wangu kwamba jambo la kwanza la kujaribu dukani ni jinsi ampli inavyosikika ikiwa imefunguliwa kidogo sana. Wauzaji hupenda kuifungulia hadi duka litetemeke. Mwombe aipunguze.

Umeme: jambo la kwanza kwa wanaorejea

Tangu Septemba 2017, maelfu ya Warundi wamerejea kutoka Tanzania kwa mpango wa hiari. Wengine wanarudi au wanatembelea wazazi kutoka Marekani, ambako familia za wakimbizi wa mwaka 1972 zilipelekwa kuanzia miaka ya 2006 na 2007. Wengine wako Canada, Australia na Ulaya. Kila mmoja anarudi na mzigo, na ndani ya mizigo hiyo siku hizi zimo ampli.

Burundi tunatumia umeme wa volti 220 hivi, hezi 50, na plagi ya pini mbili za mviringo. Aliyenunua chombo chake Tanzania, Kenya, Uganda, Australia au Ulaya hana shida ya volti, maana kote huko ni kati ya 220 na 240. Tatizo lake litakuwa plagi tu.

Aliyetoka Marekani au Canada ana jambo zito zaidi. Umeme wa huko ni volti 120 na hezi 60. Ampli kutoka Japani, zikiwemo nyingi zinazouzwa kama mitumba ya Kijapani, hutengenezwa kwa volti 100. Ukichomeka chombo cha volti 100 au 120 kwenye soketi ya 220, ukiwa na bahati fyuzi itakatika. Usipokuwa nayo, transfoma itaungua, na transfoma ndiyo moyo wa ampli.

Jirani yangu mmoja alirudi kutoka Amerika ya Kaskazini na ampli nzuri ya valvu aliyoitunza miaka tisa. Kabla hajafika nyumbani, shemeji yake alitaka kuwaonyesha wageni. Akabadili plagi, akachomeka. Moshi ulitoka kabla valvu hazijapata moto. Mpaka leo ile ampli ni meza ya kuwekea televisheni.

Tiba ipo. Kwanza, soma kibandiko kilicho nyuma. Ukiona "100-240V, 50/60Hz", chombo hicho kinakubali umeme wa nchi yoyote, badili plagi tu. Ukiona "120V" au "100V" peke yake, unahitaji transfoma ya kushusha umeme. Chagua yenye uwezo wa karibu mara mbili ya wati ambazo ampli inakula. Angalia vizuri hapo: ninasema wati inazokula kwenye umeme, zile zilizoandikwa karibu na waya wa nyuma, maana ampli inayotoa wati 40 za sauti inaweza kula 150 au zaidi za umeme.

Pili, fahamu kwamba transfoma ya kushusha inabadili volti lakini haibadili hezi. Transfoma ya ndani ya ampli ya Marekani, iliyozoea hezi 60, hupata joto zaidi kwenye hezi zetu 50. Nyingine huvumilia, nyingine hazivumilii. Ukiona inashika joto hadi mkono haukai, izime.

Tatu, ampli kadhaa za zamani zilitengenezwa kwa ajili ya kuuzwa nje, na zina swichi ya kuchagua volti nyuma au waya za akiba ndani. Fundi anayejua kazi anaweza kuihamisha kutoka 120 kwenda 230 bila kununua transfoma ya nje. Akifanya hivyo, lazima abadili na fyuzi, kwani kwenye volti zilizozidishwa mara mbili chombo huvuta nusu ya mkondo wa awali. Fyuzi ya zamani ikibaki, hailindi tena kitu.

Wala upya si dhamana. Zipo ampli mpya kubwa ambazo kiwanda huzitengeneza kwa volti za nchi moja tu. Kibandiko ndicho cha kuamini.

Umeme unapokatika

Msomaji wa Bujumbura hahitaji kuelezwa habari za kukatika kwa umeme. Jioni, saa ambazo kijana ametoka shule au kazini na anataka kufanya mazoezi, ndizo saa ambazo mtaa mara nyingi huwa gizani. Jenereta nayo inataka mafuta, na tangu uhaba wa mafuta ulipoanza kuzoeleka miaka ya 2021 na 2022, hakuna mwenye akili anayechoma petroli ili mwanawe ajifunze gitaa.

Hapa ndipo ampli ndogo za kisasa zinaposhinda bila ubishi. Roland Micro Cube, iliyotoka miaka ya mwanzo ya 2000, ina uzito wa kilo tatu na ushee na hutumia betri sita ndogo za kawaida. Yamaha ilitoa aina ya THR mwaka 2011, nayo ikakubali betri. Blackstar Fly 3 na Boss Katana Mini ni za jamii hiyo. Spark GO ya mwaka 2023 ina betri yake ndani na inachajiwa kama simu. Nyingi ya hizi zina tundu la hedifoni, na kwa mwenye majirani tundu hilo lina thamani kuliko spika.

Ampli ya valvu haina njia hiyo. Valvu zinahitaji umeme mwingi wa kupasha moto tu, kabla hujagusa waya wa gitaa. Inveta ndogo ya nyumbani inayowasha taa na kuchaji simu itazimika.

Tena kuna kishindo cha umeme unaporudi. Umeme ukikatika wakati unapiga, zima ampli na uchomoe plagi. Ukirudi, subiri dakika chache utulie ndipo uwashe. Hii ni kwa ampli zote, za zamani na mpya, ingawa mpya zenye vipuri vidogo ndizo huumia haraka zaidi.

Wenye sola nao wawe waangalifu. Ampli nyingi ndogo hutumia adapta ya volti 9. Betri ya sola ni volti 12 na zaidi ikijaa. Usiunganishe moja kwa moja kwa kuona plagi imeingia. Aidha, adapta za vifaa vya gitaa mara nyingi zina hasi katikati, kinyume cha adapta nyingi za vyombo vingine vya nyumbani. Tazama mchoro mdogo kwenye kibandiko.

Hatari ambayo haionekani

Jambo hili ningeomba wazazi walisome mara mbili. Mpiga gitaa anashika nyuzi za chuma kwa mikono miwili, na nyuzi hizo zimeungana na bodi ya chuma ya ampli. Umeme ukivuja kwenye bodi, unakuja moja kwa moja mikononi.

Mei 1972, Les Harvey, mpiga gitaa wa bendi ya Stone the Crows, alikufa jukwaani mjini Swansea, Wales, aliposhika maikrofoni ambayo haikuwa na waya wa ardhini. Alikuwa mwanamuziki mzoefu, tena katika ukumbi wa nchi iliyoendelea.

Ampli nyingi za Marekani za miaka ya 1960 zilitoka kiwandani na waya wa pini mbili, bila waya wa ardhini, na ndani ziliwekewa kapasita inayounganisha umeme wa ukutani na bodi. Kapasita hiyo ikichakaa, bodi yote huwa na umeme. Fundi anapaswa kuiondoa na kuweka waya wa nyaya tatu. Ni kazi ya saa moja.

Nyumba zetu nyingi hazina waya wa ardhini unaofanya kazi. Na anayeleta ampli kutoka Tanzania, Kenya au Uganda, kwenye plagi ya pini tatu za pembe, mara nyingi huuziwa kibadilishi cha bei ndogo kinachoacha pini ya ardhini ikielea hewani. Badili plagi yenyewe, na hakikisha soketi ya nyumbani ina ile pini ya ardhini na kwamba waya wake unafika chini kweli.

Onyo jingine ni la udadisi. Ndani ya ampli ya valvu mna volti 300, 400 au zaidi, na kapasita zake kubwa hushikilia umeme huo hata baada ya kuchomoa plagi. Asiye fundi asifungue.

Fundi tunaye, lakini wa nini?

Sifa moja ya ampli kongwe ni ya kweli kabisa: inatengenezeka. Ndani yake kila kipuri kinaonekana kwa macho, kila waya una njia yake, na fundi mwenye kifaa cha kulehemu, mita na subira anaweza kuirudisha. Buyenzi ni mtaa wa mafundi, kuanzia magari hadi redio, na ukanda wetu hauna uhaba wa ubunifu. Kinshasa, kundi la Konono No. 1 la Mawangu Mingiedi lilitengeneza vyombo vyake vya kukuza sauti kwa kutumia vipuri vya magari mabovu, na albamu yao ya Congotronics ya mwaka 2004 ikasikilizwa dunia nzima.

Lakini mafundi waliokulia kwenye valvu sasa ni wazee. Vijana wao wanajua simu na televisheni bapa. Uliza kwanza kama yupo karibu nawe aliyewahi kubadili kapasita za ampli ya valvu na kuzitoa umeme salama. Ukimpata, mheshimu kama daktari wa familia.

Vipuri navyo vinahesabika. Kapasita kubwa za ampli hukauka kwa umri, na joto la Bujumbura halizisaidii. Ampli iliyotengenezwa mwaka 1970 na haijabadilishwa kapasita itanguruma, na siku moja itaharibu na vingine. Valvu bado zinatengenezwa, hasa Slovakia, Urusi na China, lakini hazipo Ruvumera wala Chez Siyoni. Lazima ziagizwe, na hupasuka njiani.

Ampli mpya ndogo ina kasoro iliyo kinyume chake. Ndani kuna ubao mmoja wenye vipuri vidogo kama punje za ulezi. Ukiungua, mara nyingi hakuna wa kuutengeneza. Kwa bahati nzuri, vinavyoharibika zaidi ni adapta, tundu la jeki na betri ya ndani, na hivyo fundi wa simu anavimudu. Kabla ya kununua yenye betri ya ndani, uliza kama betri inabadilishika.

Ipo pia njia ya katikati ambayo watu huisahau. Ni ampli za transista za miaka ya 1980 na 1990, kama Peavey, Roland au Yamaha. Si kongwe za kusifiwa, kwa hiyo bei yake haijapandishwa na wakusanyaji. Vipuri vyake bado ni vikubwa, fundi wa redio anavielewa, na sauti yake ni safi. Mtu akinionyesha mojawapo yenye volti 220, isiyonguruma, huwa simzuii.

Sabufa je?

Wapo wanaochomeka gitaa kwenye sabufa ya sebuleni. Inatoa sauti, lakini sauti yenyewe huwa butu, kana kwamba gitaa limefunikwa blanketi. Sababu ni kwamba gitaa linataka mlango wenye ukinzani mkubwa sana, na mlango wa sabufa umetengenezwa kwa ajili ya simu na deki.

Dawa yake ni kuweka pedali katikati. Pedali ndogo yenye athari nyingi, kama Zoom G1 Four inayotumia betri nne, hupokea gitaa ipasavyo na kulipeleka kwenye sabufa au hedifoni. Kwa mwenye fedha kidogo kabisa hii ndiyo hatua ya kwanza, na pedali hiyo ataendelea kuitumia hata akinunua ampli baadaye.

Kwa wafanyabiashara wa mpakani

Tangu soko kuu la Bujumbura lilipoungua Januari 27, 2013, biashara ya vyombo vya umeme imetawanyika, na wateja wengi sasa huagiza kupitia mtu anayesafiri. Njia ni nyingi: Kobero kwa lori na basi, Manyovu na Mugina kwa wa Kigoma, au meli ya ziwani. Njia ya Gatumba kwenda Uvira hutegemea usalama wa siku, na mipaka ya nchi kavu na Rwanda ilifungwa Januari 2024.

Wengi wanaamini kwamba kwa kuwa Burundi iko Jumuiya ya Afrika Mashariki tangu Julai 2007, mzigo mdogo kutoka Kariakoo hupita bila ushuru. Utaratibu rahisi wa mzigo usiozidi dola 2,000 unahusu bidhaa zilizozalishwa ndani ya jumuiya. Ampli iliyotengenezwa China na kununuliwa Dar es Salaam haihesabiki kuwa ya Tanzania. Piga hesabu ya ushuru wa OBR kabla ya kumtajia mteja bei, na dai risiti dukani.

Anayerejea na vyombo vyake vya nyumbani hali yake ni nyingine. Vitu ambavyo mtu amevitumia anakotoka, anapohama kwa dhati, hutazamwa tofauti na bidhaa ya kuuza. Awe na karatasi zake za kurejea, na aseme kweli kuhusu alichobeba.

Uzito nao ni fedha. Fender Twin Reverb au JC-120 hukaribia kilo 30. Kwa uzito huo huo unabeba ampli ndogo nane au tisa, na zote zitauzwa. Ukibeba ya valvu, chomoa valvu, funga kila moja kwa nguo, andika imetoka tundu lipi, na uziweke kwenye begi la mkononi.

Namna ya kujaribu

Nenda na gitaa lako na waya wako. Soma kibandiko cha volti kabla ya kuchomeka. Washa bila gitaa na usikilize: mngurumo mdogo ni kawaida, mkubwa ni kapasita. Zungusha kila kitufe. Kikichakacha, ni vumbi, na ni hoja ya kupunguziwa bei.

Mulika spika kwa tochi uone kama karatasi yake imechanika. Tikisa jeki taratibu. Kama inatumia betri, ijaribu kwa betri. Iache ikiwaka nusu saa huku mkipiga soga, kisha inusie. Harufu ya kuungua haina maelezo mazuri, hata muuzaji awe na ulimi wa asali.

Ushauri wangu

Kwa mazoezi ya nyumbani hapa Bujumbura, nunua mpya na ndogo: wati 2 hadi 10, yenye betri, tundu la hedifoni, na kibandiko cha volti 100 hadi 240. Itapiga umeme ukiwepo na usipokuwepo, na haitakugombanisha na mtu. Sauti yake kwa rumba na nyimbo za kanisani inatosha kabisa.

Aliyerithi ampli kongwe au aliyerudi nayo asiiuze kwa hasira. Aipeleke kwa fundi mzee mambo matatu yatazamwe kwa mpangilio huu: waya wa ardhini, volti, kapasita. Ikishakuwa salama, iwe ya ukumbini na kanisani, mahali ambapo inaweza kufunguliwa ikavuta pumzi. Na kijana mmoja apewe nafasi ya kukaa pembeni fundi huyo anapofanya kazi, kwa sababu wanaojua kuzitengeneza wanapungua kuliko ampli zenyewe.

Kwa mwenye fedha ya ampli kubwa moja ya zamani, hesabu yangu huwa ni hii: ndogo mpya, betri za kuchaji seti mbili, nyuzi za akiba, na kinachobaki akilipe masomo ya gitaa. Saa moja ya mazoezi kila jioni gizani itaonekana kwenye vidole vyake mapema kuliko valvu yoyote itakavyosikika.